Chumba Kisicho na Upenu

Kilosa, jioni, jua bado lipo

Yunisi mwanangu,

Bibi yako amekupikia nini huko Munisagara? Kama ni kuku, basi ujue amekubali uende. Kama ni mlenda, bado anategemea utabadili mawazo. Sisi huku tu wazima. Mama yako amelifunga sanduku lako, akalifungua, akalifunga tena, na kila akilifunga kuna kitu kinabaki nje. Barua hii atakupa yeye kesho asubuhi hapa stesheni, utakaposhuka kwenye treni ya kutoka Munisagara na kuingoja ile ya Mikumi. Isome ukishapata kiti. Usiisome umesimama, maana ndani yake kuna habari ambayo ni afadhali mtu aipokee akiwa amekaa.

Mambo ya kufua, kula, kusali na kujihadhari na vijana wa Mbeya nimemwachia mama yako. Amesema atakwambia yote kati ya dirisha la tiketi na mlango wa behewa, nami namjua, atayamaliza. Mimi nitakueleza niliyoyakosea. Unakwenda chuo cha ufundi kujifunza ujenzi, na huko watakufundisha namna ya kupatia, tena kwa michoro mizuri. Kazi niliyoipatia mimi huwa hata sikumbuki niliifanyaje. Niliyoikosea naikumbuka mpaka harufu ya gundi.

Ulikuwa bado shule ya msingi waliponipunguza kazi kwenye karakana ya reli. Redioni kila kitu kilikuwa ruksa siku zile. Duka ruksa, basi ruksa, mitumba ruksa. Kwangu mimi ruksa ilikuwa ya kwenda nyumbani. Nilikuwa seremala wa mabehewa, sijui kazi nyingine, na sikutaka kujua. Msimu mzima wa mahindi niliamka asubuhi, nikavaa ovaroli yangu, nikaenda kukaa stesheni kutazama mabehewa niliyoyatengeneza yakipita. Nilikuwa nasikiliza kama kuna mlango unaogonga. Mama yako hakunigombeza. Alilima peke yake, akavuna peke yake, kisha siku moja akanitengea ugali, akasema, "Baba Yunisi, kula. Haya mahindi yameota bila filimbi."

Nilicheka, mwanangu, nikaumaliza ugali ule. Kesho yake nilivua ovaroli nikaifua, nikaanza kutengeneza viti na vitanda pale uani. Ninakwambia hili kwa sababu chuoni unaweza kukutana na siku ambayo kile ulichokizoea kimefungwa. Lia kidogo kama unataka, ila usiende kukaa stesheni.

Halafu ukachaguliwa kwenda sekondari ya wazazi kule Mikumi. Tulishangilia mpaka jirani wakadhani reli imeniita tena. Kelele zilipopungua ndipo tukaulizana utalala wapi. Shule haikuwa na bweni. Wasichana wa mbali walipanga vyumba kando ya barabara kuu, pale malori yaendayo Zambia yanapolala, na wazazi wengi walikuwa wamekwisha kuwaondoa binti zao. Nikasema wewe hutapanga chumba pale. Mama yako akasema na nyumbani pia hutabaki. Tukatazamana. Kila mmoja alikuwa amesema kweli, na hizo kweli mbili hazikuwa na mahali pa kukaa pamoja.

Wazo lilinijia stesheni, nilikokuwa nimekwenda kupeleka kiti cha watu. Treni ya bara ilikuwa imesimama, nami nikachungulia dirisha la daraja la pili. Mle ndani wamelala watu sita, na mizigo yao, na ndoano za makoti, na mlango unaofungwa, na wote wametosha kwenye nafasi ambayo mtu wa kujenga kwa tofali angeiita stoo. Nikaona bweni. Nilipanda treni ya Mikumi nikaenda kwa mkuu wa shule, nikamwambia nitamjengea vyumba hukuhuku Kilosa, kimoja kimoja, vizima na vitanda vyake, halafu nitamletea kwa treni.

"Fundi," akasema, "nyumba inapanda treni?"

"Mkuu," nikamjibu, "mimi nimetengeneza nyumba zinazopanda treni tangu nikiwa kijana."

Kamati ya wazazi ilikubali, nadhani zaidi kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine aliyeahidi kumaliza kabla shule haijafunguliwa. Tofali zingengoja zikauke, zingengoja maji, zingengoja fundi aliyekwenda msibani. Mimi nilikuwa na uwanja, paa la bati na vijana wawili tuliopunguzwa pamoja. Tulichora kipimo cha chumba kwenye sakafu ya saruji, na kila fremu ililazwa palepale, kwa hiyo chumba cha mwisho kilifanana na cha kwanza kama mikate ya tanuri moja.

Kilichonisumbua kilikuwa boriti. Mbao nene za mninga zilikuwa zimeadimika, na tulizopata ni za paini kutoka Iringa, nyembamba, ambazo unazipinda kwa goti. Ndipo nikakumbuka tulivyokuwa tukitengeneza matao ya paa la behewa. Ukichukua ubao mwembamba ukaupaka gundi, ukaulaza juu ya mwenzake, na mwingine, na mwingine, nyuzi zote zikielekea upande mmoja, kisha ukaubana mpaka gundi ishike, unapata boriti ambayo watu wanne wanaweza kusimama juu yake. Sisi tulibana kwa vipande vya reli chakavu. Wewe ulikuwa ukija kutoka shule unavikalia na kusema unasaidia uzito. Ulikuwa mwepesi kama unyoya, lakini nilikuachia.

Hapo nilikosea mara ya kwanza. Boriti za mwanzo nilizifungua mapema kwa kuwa behewa la mizigo lilikuwa limeahidiwa na sikutaka linipite. Tulipoinyanyua ya kwanza ikaachama katikati kama mamba. Behewa lenyewe lilichelewa kuja. Tangu hapo sijawahi kuiharakisha gundi. Nayo haijui kwamba una haraka, na hata ukiieleza haitakuelewa.

Sasa nimtaje Masanja. Unamfahamu tangu utotoni, lakini nataka umwone nilivyomwona mimi. Alipohamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani akajenga jirani yetu, siku ya kwanza tu alinisalimia kwa matusi, nami nikamjibu kwa matusi, tukashikana mikono, maana sisi Wasagara na wao ni watani tangu zamani za babu zetu. Mtani akikukuta unakula anakaa akala bila kukaribishwa. Akikukuta unalia msibani anakuuliza unalilia nini wakati marehemu alikuwa mchoyo. Huwezi kumkasirikia. Maisha yangu na Masanja yalikuwa hayo, na nilimpenda sana kwa sababu hiyo.

Basi vyumba vilipokamilika vikawa vimejipanga pale uani, vimepakwa rangi, madirisha ya kushusha kama ya treni, paa limepindwa vizuri, Masanja akaja kutazama. Alizunguka vyote, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Mtani," akasema, "hizi nyumba zimenyolewa. Kofia zake ziko wapi?"

Nikamwambia mtu anayelala na ng'ombe asinifundishe mambo ya nyumba. Alicheka, nikacheka, vijana wakacheka. Akasema tena, nikamrudishia. Siku tuliyovipandisha kwenye behewa, watu wakisukuma kwa kuimba na mkuu wa stesheni akijifanya haoni kwamba tumemchelewesha, Masanja alikuwepo, naye alipaza sauti kwamba wasichana wataloa kama bata. Nikampungia mkono. Treni ikaondoka na bweni lako.

Kosa langu kubwa ni hilo, Yunisi. Kwa kuwa Masanja ni mtani, niliona kila linalotoka kinywani mwake ni utani. Behewa halina upenu. Likiwa na upenu litagonga nguzo za ishara na matawi. Maisha yangu yote nilikuwa nimetengeneza paa linaloishia pale ukuta unapoishia, na mkono wangu ulifanya hivyohivyo bila kuniuliza. Mtu alikuja akaniambia kwa sauti, mara tatu, mbele ya mashahidi, nami nikamjibu kwa kichekesho.

Kule Mikumi vyumba vilipokelewa kwa shangwe. Matrekta ya mashamba ya Ruhembe yanayobeba miwa yalivivuta kutoka stesheni hadi shuleni, na wanafunzi wakavifuata wakipiga vigelegele. Wewe ulichagua kitanda cha juu karibu na dirisha. Shida ya mapema ilikuwa nyani, ambao waligundua namna ya kushusha dirisha la treni kabla walimu hawajagundua, wakala sukari ya watu. Hilo tulilitengeneza kwa komeo, na nilirudi Kilosa natembea kifua mbele.

Masika yakaja. Mvua ya Mikumi siku ile ilikuja kwa ubavu, ikapiga kuta moja kwa moja, na kuta zangu ni plaiwudi. Zilikunywa maji mpaka zikavimba. Milango ikakaza. Nilipofika na treni nilikukuta wewe na wenzako mnatokea madirishani, mmoja mmoja, na magodoro kichwani, na wewe ulikuwa unacheka. Hukujua kwamba mkuu wa shule alikuwa amenisubiri stesheni na mwavuli. Aliniamkia, nikaitikia, kisha akaniambia kwa upole kwamba vyumba visipotengenezwa haraka atalazimika kuwarudisha wasichana wote nyumbani, na kamati haitakubali kuwapokea tena bila bweni. Nilisimama pale uwanjani nikaona kuku wa shule wakikimbia mvua. Walivipita vyumba vyangu vyote bila kusimama, wakaenda kujibanza jikoni, penye upenu. Hata kuku walijua.

Njiani kurudi nilikuwa nakuona umerudi nyumbani, umekaa nami stesheni, tunaangalia treni pamoja. Hofu ile siwezi kukueleza sawasawa. Nilishuka Kilosa, sikupita hata kwangu, nikaenda moja kwa moja kwa Masanja.

"Mtani," nikamwambia, "niambie tena habari za kofia."

Nilitegemea atanicheka mpaka nikome. Hakucheka. Alinivutia kigoda, akasema, "Nilikuwa nasema kweli. Ila ulinicheka, nikaona nami nicheke."

Maneno hayo ninayabeba mpaka leo, na kama kuna kitu kimoja cha kubeba kutoka barua hii, beba hicho. Watu wanaokupenda mara nyingi watakwambia ukweli kwa mzaha, kwa sababu wanaogopa kukuumiza au wanaogopa utawafokea. Cheka nao, hakuna ubaya. Ila ukishacheka, jiulize alikuwa anasema nini.

Wiki ile tuligundisha boriti ndefu, na safari hii niliziacha chini ya reli mpaka zikashika. Masanja alileta mkokoteni wake, akalala kwenye vumbi la mbao pamoja nasi. Kuta zilikuwa zimechoka, hazikuweza kubeba paa kubwa, kwa hiyo tukatengeneza upenu unaosimama kwa nguzo zake wenyewe, umefungwa kwa bolti, unazunguka bweni zima. Tukabadilisha plaiwudi ya chini, tukairanda milango. Mvua nyingine ilipokuja nilikuwepo. Nilikaa chini ya upenu ule na kuku wote wa shule, nikiwa nimefurahi kama mtoto. Ulisoma mle mpaka ukamaliza kidato cha nne.

Chumba kimoja kilikuwa kimeharibika kupita vingine, nikatengeneza kingine badala yake. Kile kibovu kilirudi Kilosa kwenye behewa tupu. Kikakaa nyuma ya nyumba yetu, nikakifumua chote na kukisuka upya kwa mbao kavu, nikakiwekea upenu mpana mbele kwa nguzo zake, kikawa chumba chako cha likizo. Mlango wake tu sikuubadilisha, ule usiofunguka mpaka uunyanyue kidogo. Kila likizo ulikaa nje chini ya upenu, kwenye kigoda, unafanya hesabu, na Kabula, binti wa Masanja, anakaa pembeni anafanya zake mchangani kwa kijiti. Nilikuwa nawaona kutoka karakana yangu ya uani. Sikuwahi kukwambia jinsi nilivyopenda kuwaona.

Sasa nakuja kwenye ile habari ya kupokelewa ukiwa umekaa.

Majuzi, jina la Kabula lilipotoka kwamba amechaguliwa kwenda shule yako ileile, uliniuliza, "Baba, bweni limejaa. Kabula atalala wapi?" Nilijifanya sijasikia, nikaendelea kuranda. Nilisikia. Jioni yake Masanja alipita hapa, nikamuuliza kama wameshaandaa sanduku la binti. Akasema, "Kabula atasoma na ng'ombe, mtani. Nao wana masomo ya jioni, na ada yao ni majani." Akacheka. Nami nilikuwa nimeshafungua kinywa nimrudishie moja nzuri sana juu ya elimu ya ng'ombe wake. Nikakifunga. Nilimtazama usoni, nikaona mtu ambaye hatampeleka binti yake kupanga chumba kando ya malori, kama ambavyo mimi sikukupeleka wewe, na ambaye hana karakana.

Ndiyo maana nilikuhimiza ukalale kwa bibi. Leo asubuhi, ulipoondoka tu, tulikifungua chumba chako bolti kwa bolti kutoka kwenye msingi wake. Nilipaswa kukuuliza, na mama yako alisema hivyohivyo, lakini niliogopa ungekubali haraka mno halafu ukalale humo usiku wa mwisho ukilia. Nakujua, umechukua kwangu. Mama yako alikifagia kwanza, eti chumba cha binti yake hakiendi kwa watu na vumbi. Ile kalenda yako ya ukutani alitaka kuibandua, kisha akaiacha, akasema Kabula naye atahitaji kujua tarehe. Mkuu wa shule amekubali kukipokea, na sehemu ya kukiweka ipo mwisho wa safu, ambako upenu tulioujenga wakati ule umerefuka kuzidi vyumba.

Kwa hiyo kesho, ukishakaa, chungulia dirishani treni ikikunja kona. Nyuma kabisa, kwenye behewa la wazi, utakiona chumba chako kinakufuata. Usishtuke, na usiwaambie abiria ni chako, hawatakuamini. Kabula yuko kwenye treni hiyohiyo na godoro lake. Kaa naye. Mfundishe kuunyanyua mlango. Mikumi yeye atashuka na chumba, nawe utavuka barabara kuu kungoja basi la Mbeya. Nawaona kabisa, kila mmoja anamlilia mwenzake na wote mnajifanya ni vumbi.

Masanja hakutania leo. Tulipomaliza kukifunga behewani alinishika mkono, akasema asante, kwa Kiswahili cha kawaida kabisa kama karani wa posta. Lakini tuliporudi huku nyumbani kukusanya zana, alisimama akapatazama mahali palipokuwa chumba. Msingi upo mtupu, na mbele yake upenu umesimama peke yake kwa nguzo zake, haufuniki kitu. Shuleni hauhitajiki, na mimi sikutaka kuung'oa. Aliutazama weee, kisha nikaona midomo inaanza kumcheza.

"Mtani," akasema, "mwanzo ulikuwa na kichwa bila kofia. Leo una kofia bila kichwa."

Nikamwambia kichwa kinakwenda Mbeya kusoma ujenzi, na kitarudi. Tukacheka sana, na safari hii wote wawili tulikuwa tumesikia kilichosemwa.

Ukija likizo utalala sebuleni kama mgeni wa heshima, mpaka utakapotujengea chumba kingine kwa hayo watakayokufundisha. Utakijenga hapahapa, chini ya upenu huu. Hii itakuwa nyumba ya kwanza Kilosa iliyoanza na upenu.

Mimi ninayekuandikia hapa nje, nikiwa nimekalia kigoda chako, na kuku wa mama yako wote wamenizunguka,

Baba yako.